Walimu wa Ukumbi wa Pumwani

Desemba 4, 1957, walimu Waafrika waliotoka sehemu mbalimbali za Kenya walikutana katika ukumbi wa Pumwani Memorial, mashariki mwa Nairobi, wakaunda Chama cha Kitaifa cha Walimu, kile ambacho leo kila mzazi anakiita KNUT. Kilisajiliwa rasmi kama chama cha wafanyakazi Mei 14, 1959. Vitabu na hotuba hutaja tarehe hizo mbili, kisha hurukia mishahara na migomo. Mahali chama kilipozaliwa hupitwa haraka, nami naona mtu akipita hapo ameshakosa kuelewa mengi yaliyofuata.

Mwaka huo Nairobi ilikuwa bado chini ya Hali ya Hatari. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Aprili 1954, wakati wanajeshi na polisi walipouzingira mji katika Operesheni Anvil, wakapekua Eastlands, upande wa mashariki wa mji, nyumba kwa nyumba na kuwapakia maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, kwenye malori ya kuelekea kambi za kizuizini. Mwafrika hakuwa huru kuingia wala kukaa mjini bila karatasi za kumruhusu. Chama cha siasa cha Waafrika cha nchi nzima kilikuwa marufuku. Tangu 1955 serikali ilikubali vyama vya wilaya tu, kila watu na wilaya yao, na mpaka uko wazi. Katika hali hiyo, walimu wa Nyanza, wa Kati, wa Pwani na wa Bonde la Ufa kukaa chini ya paa moja na kusema sisi ni chama kimoja lilikuwa jambo la kisiasa hata kabla ya mtu yeyote kutaja mshahara.

Paa lenyewe pia lilikuwa na maana yake. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa wa Waafrika uliopangwa na wakuu wa mji, na kuanzia hapo Eastlands iliendelea kukua kuelekea mashariki: Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati, halafu Ofafa, Mbotela, Maringo, Jericho na Jerusalem. Mitaa hii ilijengwa kuwaweka wafanyakazi karibu na reli na viwanda, na mbali na makazi ya Wazungu. Ila ukiwaweka makuli wa reli, makarani, mafundi, wapishi na walimu katika vyumba vinavyopakana, na katikati ukawajengea ukumbi wa burudani, usishangae ukumbi ukigeuka bunge lao. Ni katika ukumbi wa Kaloleni, Aprili 23, 1950, ambapo Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya mkutano wa pamoja wa KAU, chama cha siasa cha Waafrika, na chama cha Wahindi akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wiki tatu baadaye yeye na mwenzake Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Tom Mboya, mkaguzi wa afya wa manispaa aliyekuja kuongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alikuwa mkazi wa Ziwani. Makao ya shirikisho hilo, Solidarity House, yalijengwa kando ya barabara ya Digo, Gikomba, na hadi leo ndiyo makao ya COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la sasa. Kwa hiyo walimu walipochagua Pumwani walikuwa wameingia katika kitongoji ambacho tayari kilijua namna ya kuitisha mkutano, kuchanga senti na kushika msimamo.

Kabla ya hapo walimu walikuwa wamejaribu kuungana. Mwaka 1934 kiliundwa chama cha walimu Waafrika, na mbele walikuwa Eliud Mathu na James Gichuru. Wote wawili waliishia kwenye siasa: Mathu akawa Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, na Gichuru akaja kuwa waziri wa fedha wa Kenya huru. Ila chama chao hakikuweza kumfikia mwalimu wa kila shule, na sababu kubwa ilikuwa mwajiri. Mwalimu wa siku zile hakuwa na mwajiri mmoja. Huyu aliandikwa na misheni ya Kikatoliki, yule na Waanglikana, mwingine na bodi ya elimu ya wilaya, mwingine na manispaa. Masharti yalitofautiana, na padri msimamizi angeweza kumfukuza mwalimu kwa kuoa mke wa pili au kwa kuonekana kilabuni. Juu ya hayo, mishahara ilipangwa kwa rangi. Mwalimu Mzungu, Mhindi na Mwafrika wangeweza kufundisha hesabu ileile, lakini kila mmoja akalipwa kwa kiwango cha mbari yake.

Ndiyo sababu dai la kwanza kubwa la KNUT halikuwa nyongeza ya shilingi kadhaa. Lilikuwa mwajiri mmoja kwa walimu wote. Katika Baraza la Kutunga Sheria, aliyeleta hoja kwamba walimu Waafrika waruhusiwe kuwa na chama chao cha kitaifa alikuwa mjumbe wa Bonde la Ufa, aliyewahi kufundisha Tambach na Kabarnet. Jina lake Daniel arap Moi. Msomaji amweke akilini, maana tutakutana naye tena miaka 40 baadaye akiwa upande wa pili wa meza.

Uhuru ulipofika 1963, dai la mwajiri mmoja lilikuwa bado halijatimizwa. Chini ya Stephen Kioni, katibu mkuu wa miaka ile ya mwanzo, walimu waliweka chaki chini zaidi ya mara moja, na wakuu waliowakabili walikuwa watu waliokuwa pamoja nao katika kudai uhuru. Bunge lilipitisha sheria ya Tume ya Huduma za Walimu mwaka 1966, na mwaka uliofuata Tume, TSC, ikaanza kazi. Tangu hapo mwalimu wa Shauri Moyo na mwalimu wa Turkana walikuwa na mwajiri mmoja, ngazi moja ya mishahara na hatari moja ya kuachishwa kazi. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini mwajiri mmoja ana daftari moja la mishahara, na ada ya chama ilianza kukatwa humohumo, kabla pesa hazijamfikia mwalimu, na kupelekwa moja kwa moja kwa chama. Mfereji huo ulikijenga chama kwa miongo mitano. Mkono ulioshika bomba ulikuwa wa serikali.

Katika mitaa ya Eastlands ya miaka ya sitini na sabini, mwalimu alikuwa na nafasi ambayo leo ni vigumu kuieleza kwa kijana. Jiji lilikuwa likijenga shule katikati ya kila mtaa mpya, na watoto wa wafanyakazi wa reli, wa manispaa na wa viwanda vya Industrial Area walisoma pamoja. Mwalimu ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua, katibu wa chama cha watu wa kwao, karani wa kanisa, mweka hazina wa mchango wa mazishi. Siku ya kura, kituo kilikuwa darasa lake, na mara nyingi karani wa kituo alikuwa yeye mwenyewe. Serikali ilimtegemea kuhesabu watu katika sensa na kuhesabu kura katika uchaguzi. Wanasiasa waliliona hilo mapema: hakuna kikundi kingine nchini chenye mtu anayejua kusoma, kuandika na kuongea mbele ya umati katika kila kata, na wote wakiwa wanachama wa chama kimoja.

Ndiyo maana KNUT ilipona wakati wenzake walipoanguka. Mwaka 1980 serikali ya Moi ilipiga marufuku chama cha watumishi wa umma na chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu. Chama cha walimu kiliachwa. Kilikuwa kikubwa mno kuvunjwa, na viongozi wake walijua kutembea kwa tahadhari. Wapo wanaoulaumu utulivu wa miaka ile, na lawama yao si ya bure. Mimi nauona kwa jicho jingine: katika nchi ya chama kimoja, chama ambacho kinaendelea kufanya uchaguzi wa matawi, kukusanya ada na kutunza orodha ya wanachama kinahifadhi kitu ambacho siku moja kitahitajika.

Siku hiyo ilifika 1997.

Mwaka huo nchi ilikuwa imechemka. Julai 7, maandamano ya Saba Saba ya kudai mageuzi ya katiba yalizimwa kwa risasi na virungu. Uwanja wa Kamukunji, ambao umepakana na Pumwani na Shauri Moyo, ulikuwa umekwisha kuwa jina la upinzani tangu 1990. Mwezi huohuo wa Julai, Shirika la Fedha Duniani lilisitisha mkopo wake kwa Kenya kwa sababu ya ufisadi, na kashfa ya Goldenberg ilikuwa midomoni mwa kila mtu. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba. Katikati ya Julai na Desemba kuna muhula wa tatu, muhula wa mitihani ya kitaifa.

Katibu mkuu wa KNUT alikuwa Ambrose Adeya Adongo. Aliijua kalenda hiyo vizuri kuliko mawaziri. Mwanzoni mwa Oktoba walimu zaidi ya laki mbili waligoma. Shule za Eastlands zilifungwa kama za kwingineko, na watahiniwa wa KCPE na KCSE wakabaki nyumbani wiki chache kabla ya karatasi ya kwanza. Serikali ilitishia kufuta kazi, ikaapa haina pesa, halafu ikakubali. Waziri wa elimu, Joseph Kamotho, alitia sahihi na makubaliano yakachapishwa kama Notisi ya Kisheria Nambari 534 ya 1997: nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu katika miaka mitano, pamoja na marupurupu. Mgomo ulikuwa umechukua takriban wiki mbili. Hakuna chama cha wafanyakazi Kenya kilichowahi kupata kitu kama hicho, na aliyekubali kutoa alikuwa rais yuleyule aliyewatetea walimu bungeni mwaka 1957.

Walimu walishangilia, na walikuwa na haki. Mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi mjini haukuwa ukitosha kodi, unga na nauli, na wengi walikuwa wakiishi kwa mkopo wa sako na kwa kufundisha tuisheni jioni. Lakini ahadi iliyotolewa Oktoba ili kura zipatikane Desemba haikuwa na bajeti nyuma yake. Moi alishinda. Awamu ya kwanza ililipwa, na mwaka 1998 ya pili ikakwama. Waziri wa fedha, Simeon Nyachae, alisema wazi kwamba hazina ni tupu. Walimu waligoma tena Oktoba hiyo, mbele ya waziri mpya wa elimu, Kalonzo Musyoka, na safari hii hapakuwa na uchaguzi karibu. Walirudi madarasani mikono mitupu.

Serikali ilifanya jambo jingine mwaka huo 1998, kimya kimya, ambalo kwa maoni yangu limeumiza Eastlands kuliko mgomo wowote. Ilisimamisha kuajiri walimu wapya. Atakayestaafu au kufariki ndiye atakayezibiwa nafasi, basi. Vyuo viliendelea kutoa wahitimu, nao wakaendelea kukaa nyumbani. Mwaka huohuo pia kilizaliwa KUPPET, chama cha walimu wa shule za upili na vyuo, ambao wengi wao walihisi kwamba KNUT inawahesabu lakini haiwasikilizi. Umoja wa Pumwani ulikuwa umeanza kupasuka.

Adongo alifariki 2001, na Francis Ng'ang'a akashika usukani. Septemba 2002 walimu waligoma tena kuhusu deni la 1997, Moi akiwa anaondoka Ikulu. Serikali mpya ya NARC ilianza kulipa awamu zilizobaki, kwa muda mrefu zaidi ya ule ulioahidiwa. Januari 2003 ikatimiza ahadi nyingine: elimu ya msingi bila malipo. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja.

Eastlands ndiko mtu alikoweza kuyaona matokeo kwa macho. Mitaa ilikuwa imekwisha kutanuka hadi Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole, na kati yake yakabana makazi ya mabanda ya Mukuru, Mathare na Korogocho. Shule ya serikali iliyojengewa mtaa wa nyumba za ghorofa moja ililazimika kupokea watoto wa kitongoji kizima. Darasa la 40 likawa la 80, na mahali pengine likapita 100, huku mwalimu akiwa ni mmoja, kwa sababu mlango wa ajira ulifungwa 1998. Wazazi wengi waliona bora kulipa. Vyumba vya mabati vikaandikwa majina ya akademi, na vijana waliohitimu ualimu bila kuajiriwa na TSC wakapata humo kazi ya mshahara mdogo usio na chama wala marupurupu. Hivi ndivyo Eastlands ilivyopata walimu wa aina mbili: mwenye namba ya TSC na asiye nayo. KNUT iliwasemea wa kwanza, na hao wa pili hawakuwa na pa kusemea.

Mgomo wa Septemba 2011 ulikuwa wa heshima kwa sababu hiyo hasa. Kwa mara moja, dai kuu halikuwa pesa za waliomo kazini, bali kuajiriwa kwa walimu 28,000 na kupewa kazi ya kudumu kwa wale waliokuwa kwenye mikataba. Zaidi ya walimu 18,000 wa mikataba walipata. Mwaka 2012 ukaja mgomo wa wiki tatu, na 2013 mwingine uliodai marupurupu ya Notisi ile ya 1997, yaani deni lenye umri wa mwanafunzi wa sekondari.

Halafu 2015. Juni 30, Jaji Nduma Nderi aliwapa walimu nyongeza ya kati ya asilimia 50 na 60. Serikali ilikata rufaa na haikulipa, na Septemba 1 walimu wa KNUT, chini ya Wilson Sossion, pamoja na wa KUPPET, wakagoma. Rais Uhuru Kenyatta alihutubia taifa akisema pesa hizo haziwezi kulipwa na hazitalipwa. Serikali iliagiza shule zote zifungwe isipokuwa kwa watahiniwa, na hata shule za kibinafsi zikajumuishwa. Mzazi wa Kayole aliyekuwa akijinyima ili mtoto asome akademi alijikuta na mtoto sebuleni kwa ugomvi usiomhusu. Mgomo ulidumu wiki tano. Novemba, Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi wa Jaji Nderi.

Serikali ilijifunza somo katika wiki hizo tano. Kupambana na chama barabarani kunagharimu. Tayari katiba ya 2010 ilikuwa imeipa TSC nguvu ya tume huru. Mwaka 2016 yalitiwa sahihi makubaliano ya pamoja ya miaka minne ya shilingi bilioni 54, na walimu wakafurahi. Kisha mivutano ikaanza kuhusu kupimwa utendaji, kuhamishwa mbali na nyumbani na utaratibu mpya wa kupandishwa vyeo. Sossion, ambaye tangu 2017 alikuwa pia mbunge mteule wa ODM, aliupinga mahakamani. Julai 2019, Jaji Byram Ongaya aliamua kwamba utaratibu huo mpya usiwahusu wanachama wa KNUT. Chama kilisherehekea. TSC, chini ya Nancy Macharia, ikasema sawa: kwa kuwa nyongeza za makubaliano zimefungwa na utaratibu huo, asiyehusika nao hapati. Mwalimu aliyetaka pesa zake alipaswa kujitoa chamani.

Na walijitoa. Chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya 180,000 katikati ya 2019 kilikuwa na chini ya 30,000 kufikia 2021. Makato yalipungua, kisha matawi yakashindwa kulipa kodi ya ofisi na wafanyakazi wao. Katika jumba la KNUT, mtaa wa Mfangano, karibu na vituo vya matatu za Eastlands, simu zilizokuwa zikiwatetemesha mawaziri zilikuwa za kuomba fedha. Hakuna aliyekamatwa, hakuna ofisi iliyofungwa na polisi. Palihitajika tu kuguswa karatasi ya mshahara. Naliona hilo kuwa pigo baya kuliko marufuku za 1980, maana waliopigwa marufuku walibaki na hasira ya pamoja, na hawa waliachwa wakilaumiana. Sossion alijiuzulu Juni 2021 na Collins Oyuu akachaguliwa, akaanza kuwarudisha wanachama kwa lugha ya upole kwa mwajiri.

Wakati huo walimu wapya walikuwa wakiingia kwa mlango mwingine. Mtaala mpya ulileta shule za sekondari msingi mwaka 2023, zikawekwa ndani ya shule za msingi, na wengi wa walimu wake waliajiriwa kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kodi ya chumba na choo cha ndani Umoja au Donholm inaweza kuimeza nusu yake. KNUT ilisema walimu hao ni wake kwa kuwa wako katika shule za msingi. KUPPET ikasema ni wake kwa kuwa wanafundisha sekondari. Aprili 2024 mahakama iliamua kwamba kuwaajiri kwa mtindo huo ni kinyume cha sheria, na muhula wa pili ulipofunguliwa Mei wanagenzi wakaingia barabarani wenyewe, wakajipanga kwa simu zao.

Juni mwaka huo vijana, wengi wao waliosoma katika madarasa yaliyofurika baada ya 2003, walijaza mitaa ya Nairobi hadi Rais William Ruto akauondoa mswada wa fedha. Bajeti ya serikali ilipopunguzwa kwa sababu hiyo, fungu la walimu liliguswa, na KNUT na KUPPET zikatangaza mgomo wa Agosti 26. Jumapili ya Agosti 25, KNUT iliahirisha mgomo wake baada ya kuahidiwa kwamba awamu iliyobaki ya makubaliano italipwa. Asubuhi iliyofuata KUPPET iligoma peke yake, ikaendelea hadi Septemba 2. Katika shule za Eastlands zenye sekondari msingi, mwalimu wa darasa la tano alikuwa kazini, na mwenzake wa darasa la nane, kwenye ua huohuo, alikuwa mgomoni.